Tovuti Iliyokataa Kuonekana

Filsan Mumin aliandika jina la ushirika kwenye simu yake tena, akabonyeza kitufe cha kutafuta, na kwa mara nyingine akaletewa duka la mtu mwingine.

Wachongaji Muuo, Huruma. Ndivyo alivyoandika, herufi kwa herufi. Alichopata ni picha za twiga wa mpingo, mabakuli ya mzaituni na vijiko vya saladi, na juu yake jina la duka moja la Eastleigh linalouza kila kitu kuanzia mazulia hadi vinyago. Ushirika wenyewe haukuwepo. Alishuka ukurasa wa kwanza, akaenda wa pili, akapekua hadi kidole kikachoka. Hakukuwa na chochote.

"Na hizi ni kazi zenu?" akauliza, akimgeuzia simu Mzee Nzomo, mwenyekiti wa ushirika.

"Ni zetu," mwenyekiti akasema. "Huyo twiga wa shingo kupinda ni wa Kyule, yule pale. Hakuna mtu mwingine Nairobi anapinda twiga namna hiyo."

Walikuwa wamesimama ndani ya karakana ya mabati nyuma ya maghorofa ya Huruma, mahali ambapo vumbi la mbao huingia puani kabla hujamaliza kusalimia. Wachongaji walikuwa kwenye mabenchi yao, tezo zikilia ko, ko, ko, kila mmoja akijifanya hasikii. Mzee Nzomo alikuwa amevaa koti la suti juu ya aproni, koti la mtu anayejua kwamba leo kuna mkutano.

"Tovuti tunayo," akaendelea. "Nzuri sana. Ukipewa linki unafungua, kila kitu kiko hapo. Lakini mtu akitafuta kwa jina, hatuonekani. Kuna mnunuzi wa Ujerumani alitutafuta, akaangukia kwa huyo Abukar wa Eastleigh. Oda yake ingewapa watu wangu hapa kazi ya mwaka mzima."

"Mnamshuku nani?"

Mzee akapunguza sauti na kuonyesha kwa kidevu. Karibu na mlango wa nyuma alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, akimpaka kiboko wa mbao kiwi kwa kitambaa.

"Mbinya. Yeye ndiye anaweka picha kwa hiyo tovuti, na paswodi ni yake. Ameuza wateja wetu kwa huyo mtu. Mchana huu tunakutana, tunamtoa, benchi linapewa mwanachama mwingine. Wewe kazi yako ni ndogo tu. Nenda kwa Abukar, akubali kwamba ni Mbinya, urudi useme mbele ya watu. Ni Msomali, mtu wa kwenu. Hatakuficha."

Filsan alivuta pumzi. Kabla ya kufungua ofisi yake ya upelelezi alikuwa amechunguza madai ya bima kwa miaka mingi, akisikiliza watu waliochoma maduka yao wenyewe wakilia machozi ya kweli. Hakuna aliyewahi kumkera kama mteja anayekuja na jibu mfukoni na kutaka tu ligongwe muhuri.

"Mzee, Eastleigh ina watu wengi kuliko Huruma. Hatulali nyumba moja."

"Lakini mnaelewana."

"Aliyewatengenezea tovuti ni nani?"

"Kijana fulani. Alienda Qatar. Huyo hapatikani."

"Na jina lake?"

"Huyo hapatikani, nimekwambia." Akatazama saa yake.

Filsan akaanza kupita katikati ya mabenchi kuelekea kwa Mbinya. Alipomkaribia Kyule, mtu mnene mwenye ndevu zilizojaa vumbi, Kyule akatupa gunia juu ya kitu alichokuwa akichonga, haraka kama mama anayemfunika mtoto.

"Pole," Filsan akasema. "Nimeona siri?"

Mzee Nzomo, aliyekuwa akimfuata nyuma, akacheka kwa mara ya kwanza. "Ndiyo desturi yetu. Umbo jipya linakaa ndani ya gunia mpaka mnunuzi wa kwanza alichukue. Ukiliacha wazi, kesho mabenchi yote yana hilo hilo. Hata mimi mwenyekiti sifunui gunia la mwenzangu."

"Nitahitaji kuongea na Mbinya peke yetu, mzee."

Hakupenda, lakini akaenda.

Mbinya hakuinua macho. "Umekuja kunizika," akasema.

"Bado sijashika jembe. Paswodi ya tovuti iko na wewe peke yako?"

"Ninayo ile niliyopewa na mwenyekiti. Nafungua, naweka picha, naandika bei, natoka."

"Uliwahi kubadilisha kitu kingine chochote?"

"Kama nini?"

Lilikuwa swali zuri; Filsan akaliweka kando kwanza. "Abukar unamjua?"

"Kila mtu hapa anamjua. Hununua kwa jumla. Akija hupiga picha za kazi."

"Nani humruhusu?"

Sasa Mbinya akainua macho. "Mwenyekiti huwa anamshikia bakuli ili liingie vizuri kwenye picha. Hakukuambia?"

Hakumwambia. Filsan akageuka kumtazama Mzee Nzomo, ambaye ghafla alikuwa ameona jambo la muhimu sana kwenye paa la mabati.

"Wakikutoa leo utaenda wapi?"

"Wapi?" Mbinya akaweka kiboko chini. "Hili benchi ni la baba. Alipofariki walitaka niliachie, wakasema mwanamke atapiga msasa tu, hatachonga. Nikajifunza tezo mpaka nikakata kidole. Watoto wangu wanakula kwa hili benchi. Nikitoka hapa nikiitwa mwizi, hakuna karakana yoyote mji huu itanifungulia mlango. Na wachongaji wote wa Nairobi ni Wakamba, dada. Jina langu litafika kabla yangu."

Filsan akamwomba nambari ya simu, akaondoka akiwa amekasirika, na bado hakujua vizuri amemkasirikia nani.

Abukar alikuwa na duka kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja la Eastleigh, katikati ya wauza mapazia. Alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu za hina, na alikuwa na chai mkononi.

"Asalaam aleikum, adeer," Filsan akamsalimu kwa Kisomali, kwa heshima ya baba mdogo.

"Waaleikum salaam. Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Mumin. Nimekuja kwa kazi, si kwa ukoo. Wachongaji wa Huruma wanasema umewaibia wateja."

Chai ikamwagika kwenye sahani. "Mimi? Mimi nanunua kwao kwa pesa taslimu, nabeba mwenyewe ngazini na mgongo huu! Nipe hiyo simu. Soma hapa. Soma kwa sauti."

Chini ya kila picha kulikuwa na maandishi madogo. Filsan akasoma: "Imechongwa na Wachongaji Muuo, Huruma, Nairobi."

"Nimewaandika kila mahali. Mwizi gani huandika jina la aliyemwibia?"

Filsan akakaa kwenye zulia lililokunjwa. Kumbe ndiyo sababu. Alikuwa akitafuta jina la ushirika, na mtu pekee katika mtandao mzima aliyekuwa akilitaja alikuwa Abukar. Mjerumani hakuelekezwa Eastleigh na mtu yeyote. Alifika penye mlango uliokuwa wazi. Tuhuma ya Mzee Nzomo ilikuwa imekufa kabla ya chai ya pili, na jambo hilo lingempendeza zaidi kama lingemwachia jibu lingine.

"Basi kwa nini wao wenyewe hawatokei?" akauliza. "Tovuti ipo. Mimi nimeifungua."

"Kufunguka si kupatikana." Abukar akavuta kompyuta yake ndogo. "Hata mimi nilikuwa hivyo mwanzoni. Nilikaa kama mtu aliyefungua duka nyuma ya ukuta. Nikaudhika, nikajifunza. Ule mtambo wa kutafuta, wewe unafikiri unajua kila kitu? Haujui. Unatuma wasomaji wake wapite mtandaoni, wasome kurasa, waziandike kwenye daftari lake. Ukurasa ambao haujaandikwa huko, mtu akitafuta hapewi. Sasa ili wasihangaike, wewe unawaandalia ramani ya tovuti. Ukurasa wa twiga uko hapa, wa mabakuli uko hapa, huu umebadilika wiki hii. Unaipeleka ramani, wanapita, wanaandika. Hii hapa yangu."

Ilikuwa safu ndefu ya anwani, kavu kabisa, haina hata picha moja. Filsan hakuona kitu cha kujivunia, lakini mzee aliitazama kama mtu anayeonyesha picha ya wajukuu.

"Tazama ya kwao." Akaandika anwani ya wachongaji, akaongeza neno la ramani mwishoni. Skrini ikasema ukurasa huo haupo.

"Hawakuandaa."

"Programu waliyotumia hutengeneza ramani yenyewe, bila kuombwa. Ikikosekana, kuna mtu ameizuia." Akabonyeza vitufe viwili, na ukurasa wa wachongaji ukageuka kuwa maandishi ya kompyuta kutoka juu hadi chini. Kidole chake kikashuka, kikasimama. "Hii ndiyo. Huu mstari unawaambia wale wasomaji: pita, usiniandike. Uko kwenye kila ukurasa, nimetazama. Ndiyo maana mwenye linki anaingia, lakini anayetafuta haoni kitu."

"Wewe ungeweza kuuweka kutoka hapa?"

"Wallahi hata nikitaka kuwaharibia, siwezi. Ni mtu wa ndani. Kuna mahali pa mipangilio, pana kisanduku kimoja. Ukiweka tiki, tovuti nzima inajificha. Ukiitoa, inarudi. Ni tiki moja tu, binti yangu."

Mtu wa ndani. Filsan aliliona neno hilo likitembea lenyewe kutoka Eastleigh hadi Huruma na kukaa juu ya benchi la Mbinya. Alikuwa amekuja kumvua yule mwanamke kitanzi, na sasa alikuwa ameshika kamba mkononi. Angerudi na kusema alichosikia, Mzee Nzomo angepiga makofi.

Akapiga simu Huruma. "Mbinya, fungua tovuti kama unavyofungua ukitaka kuweka picha. Skrini yote, toka juu mpaka chini, ipige picha unitumie."

"Mkutano unakaribia, dada. Wanapanga magogo ya kukalia."

"Basi fanya haraka."

Picha ikafika. Filsan akampa Abukar, naye akavaa miwani.

"Bidhaa. Picha. Maoni. Wasifu wako." Akasoma upande wa kushoto, akarudia. "Mipangilio haimo. Huyu amepewa chumba kimoja, hakupewa nyumba. Hata akitaka kuweka hiyo tiki, hawezi kufika ilipo."

"Una hakika?"

"Binti yangu, mimi nimempa mpwa wangu chumba hicho hicho, ili asiniharibie."

"Nani ana nyumba nzima?"

"Aliyeijenga. Na yeyote aliyekabidhiwa."

"Aliyeijenga yuko Qatar."

Abukar akashuka hadi mwisho kabisa wa ukurasa wa wachongaji, mahali ambapo hakuna mtu husoma. "Qatar? Hapa pameandikwa Kware."

Filsan akainama. Kwa herufi ndogo za kijivu: Imetengenezwa na Matheka, Kware, Nairobi. Na nambari ya simu. Nambari ya Kenya, imekaa pale wazi kwa dunia nzima, tangu siku ya kwanza. Alitamani kupiga kitu teke, lakini kila kilichokuwa karibu kilikuwa cha kuuzwa. Akapiga simu badala yake.

"Niaje," sauti ya kijana ikajibu, na nyuma yake mtu alikuwa akiuliza bei ya kuchapisha karatasi.

"Uko wapi?"

"Niko kwa shop, Kware. Unataka kazi gani?"

"Baki hapo hapo," Filsan akasema.

Kware ni ghorofa juu ya ghorofa, zimekaribiana hivi kwamba jirani akikaanga kitunguu wewe ndiye unayetokwa na machozi. Maji ya nguo zilizoanikwa yalimdondokea Filsan mabegani tangu aliposhuka kwenye bodaboda hadi alipofika kwenye kibanda kilichoandikwa Matheka Digital. Kijana mwenyewe alikuwa msafi, shati la kola, na alitabasamu mpaka aliposikia jina la ushirika.

"Uliweka tiki ya kuificha tovuti yao?"

"Tiki gani?"

"Matheka. Nimetoka Eastleigh na boda iliyonionyesha kila shimo la barabara ya Outering. Usinichezee."

Akatazama mlango, akaona Filsan ameketi akiuziba. "Sawa. Niliweka. Lakini ni mzee alinishow niweke."

"Mzee yupi?"

"Nzomo. Hajui kutype, hutuma sauti. Ngoja." Akapekua simu, akabonyeza.

Sauti ya mwenyekiti ikajaza kibanda: *Matheka, sikiza vizuri. Hiyo tovuti ifunike kwanza, vile sisi hufunika kazi hapa. Watu wasiione mpaka mimi niseme ifunuliwe.*

Filsan akafumba macho. Gunia. Mzee alikuwa ameifunika tovuti gunia, kama twiga mpya, ili majirani wasiige.

"Na hakusema ifunuliwe?"

"Zii, hakusema. Mimi nilimtumia linki aone kazi. Aliona inafunguka kwa simu yake, akajua iko wazi. Kwake kama yeye anaiona, dunia nzima inaiona. Na mimi nikangoja aniambie. Nikapata kazi zingine, nikasahau."

"Na Mbinya?"

"Huyo simjui. Mzee aliniambia nitengeneze paswodi ya kuweka picha, nikampa yeye. Nani alipewa, mimi sikuuliza."

Kwa dakika nzima Filsan alifikiri kesi imeisha, na imeisha vizuri: kosa la mtu mzima mwenye mazoea yake, la kucheka na kusameheana. Kisha kile kitu kilichokuwa kikimkuna tangu Eastleigh kikarudi.

"Aliniambia wewe uko Qatar."

Matheka akainama kupanga karatasi za kuchapisha.

"Kosa la kusahau halimpeleki mtu Qatar. Ulionana naye lini?"

"Madam, hii maneno..."

"Lini?"

"Wakati kelele ilianza kwao. Alikuja hapa mwenyewe, akakaa hapo ulipokaa. Nikafungua, nikamwonyesha ile tiki. Nikamwambia, mzee, hii ndiyo shida. Naitoa sai sai, natuma ramani, mtaanza kuonekana. Akaniambia ningoje. Alipofika nyumbani akanitumia hii."

Akabonyeza tena, na safari hii aligeuza uso.

*Ile alama uliyonionyesha, usiiguse. Wacha mkutano upite kwanza. Ukiitoa sasa watajua ni mimi. Huyo msichana bado ni mdogo, atapata mahali pengine. Mimi nikianguka kwa umri huu, siinuki.*

Nje, mwanamke alikuwa akimgombeza mtu kwa sababu ya foleni ya maji. Filsan alisikia hasira ikimpanda kutoka miguuni. Hakuwa amekodiwa kutafuta ukweli. Alikuwa amekodiwa kuwa shahidi wa uongo, na amechaguliwa kwa sababu ya jina lake, ili mtu wa Eastleigh akikubali na mpelelezi wa Eastleigh akithibitisha, asiwepo wa kubisha.

"Na wewe ukanyamaza," akasema.

"Ningefanya nini? Mzee ndiye anasimama kuniongelea kwa kina msichana wangu. Ntheo, ile ya kupeleka mbuzi wa mahari, ni mwezi huu, mbuzi wameshanunuliwa. Nikimchoma, nani ataenda Masii kukaa mbele ya wazee wa kwao na kusema mimi ni mtoto wa watu?"

Filsan alielewa, na kuelewa kulimuudhi zaidi. "Kwa hiyo Mbinya apoteze benchi la baba yake ili wewe upate mke."

"Ukiiweka hivyo inakaa vibaya."

"Inakaa vibaya hata nisipoiweka. Nitumie hizo sauti. Halafu umpe Mbinya nyumba nzima ya hiyo tovuti, mipangilio na kila kitu, sasa hivi, nikikuangalia."

Kijana akafanya alivyoambiwa. Filsan hakumwonea huruma mpaka alipokuwa tayari ameshafika barabarani.

Alipofika Huruma wachongaji walikuwa wameshakaa kwenye magogo. Mbinya alikaa peke yake mwisho wa safu. Gogo lake lingetosha watu watatu. Filsan akamvuta Mzee Nzomo nyuma ya rundo la mbao.

"Kuna joto Qatar, mzee?"

Mwenyekiti akachungulia kama kuna anayewasikia.

"Nimeongea na Matheka. Nimesikia sauti zote mbili. Sasa nisikilize. Simama mbele yao useme mwenyewe. Sema uliifunika kwa desturi, ukasahau kuifunua. Ile ya pili itabaki kati yetu, kama utamwomba Mbinya msamaha. Watu watacheka, yataisha."

"Mimi ndiye niliyekukodi."

"Ulinikodi nitafute aliyeificha tovuti. Nimempata."

"Basi kazi yako imeisha," akasema Mzee Nzomo, akifunga kifungo cha koti. "Nenda nyumbani."

Akaenda mbele, akaomba watu wasimame, na akafungua mkutano kwa sala. Aliombea wagonjwa, akaombea wasafiri, akaombea umoja wa Muuo, jina linalomaanisha amani kwa Kikamba, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Filsan alisimama mlangoni akimsikiliza, na akajua hatamsitiri tena.

"Amina," mwenyekiti akasema. "Hatutakaa sana. Sote tunajua kilichotuleta. Mpelelezi amefika kwa Abukar, na imethibitishwa kwamba aliyetufungia ni mtu wa ndani. Mbinya, lete tezo ya ushirika uiweke hapa mezani."

Mbinya akainuka. Alitembea katikati ya watu, na kila alipopita mtu alikumbuka kufunga kamba ya kiatu. Akaweka tezo mezani kwa utaratibu, mpini ukimwelekea mwenyekiti.

"Naomba kuongea," Filsan akasema.

"Mgeni hana sauti katika mkutano huu."

"Hii si sauti yangu." Akabonyeza simu.

Mabati hubeba sauti vizuri. Waliisikia ya kwanza, na mtu mmoja nyuma akaguna, nusura acheke, kwa sababu kila aliyekuwa pale alikuwa amefunika kitu kwa gunia wiki ile. Kisha ikaja ya pili. Hakuna aliyeguna.

"Rudia," akasema Kyule, akisimama.

Filsan akarudia. *Huyo msichana bado ni mdogo, atapata mahali pengine.*

"Nilikuwa nalinda kazi yenu," Mzee Nzomo akasema. "Kufunika ni desturi yetu. Nyinyi wote mnafunika."

"Tunafunika," Kyule akajibu. "Hiyo ya kwanza hata mimi ningeisema. Tueleze hii ya pili, mwenyekiti."

Mzee alitazama uso mmoja mmoja akitafuta ambao ungemshikilia, na hakuupata. Mwishowe akasogea pembeni ya meza, akaketi kwenye gogo kama mwanachama yeyote, na koti lile likaonekana kubwa mno kwake.

Basi wakamgeukia Mbinya, wote kwa pamoja. Sauti zililainika. Mmoja akamwita mama, mwingine akamfutia vumbi mahali pa kukaa, Kyule akakimbia ofisini kuleta kompyuta. Tufunulie, wakasema. Mbinya akaketi, akafungua tovuti kwa funguo mpya alizopewa, akafika kwenye mipangilio ambayo hakuwa ameiona maishani, na pale, kwenye kisanduku kidogo, ilikuwa tiki. Akaitoa. Filsan akaishika simu karibu na sikio la Mbinya, Abukar akiwaelekeza kutoka Eastleigh kwa makelele, mpaka ramani ikapatikana, ikatumwa, na skrini ikaandika kwamba imepokelewa.

"Tayari?" Kyule akauliza. "Nikitafuta sasa hivi tunatokea?"

"Bado. Wasomaji wa mtambo wana wakati wao. Siku kadhaa. Labda wiki, labda zaidi," Filsan akasema.

Minong'ono ikapanda. "Wiki!" "Mjerumani atangoja wiki?" "Jamani, sisi tumeshachoka kungoja!"

Mbinya akafunga kompyuta.

"Mtangoja," akasema. Hakupaza sauti, lakini walinyamaza. "Tangu baba afariki nakaa hapa na nyinyi. Tunakunywa chai ya birika moja. Mlisikia nikiitwa mwizi mkaendelea kuchonga. Hakuna hata mmoja wenu aliyevuta kigoda akaniuliza, Mbinya, ni kweli? Aliyekuja kuniuliza ni mtu wa kukodiwa."

Kyule alitazama viatu vyake. Mahali fulani juu ya maghorofa mtoto aliitwa kula.

Mbinya akaichukua ile tezo mezani, akapita katikati ya watu wale wale, akarudi kwenye benchi lake na kuanza kazi. Wanachama walibaki kwenye magogo, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama mkutano umefungwa au bado.